Kuendesha Utafiti wa Dawa Nairobi Wakati wa Janga: Mwongozo Kamili kwa Mratibu

Tarehe 13 Machi 2020, Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, Nairobi ilikuwa na tafiti nyingi za dawa zilizokuwa zikiendelea: za Ukimwi, za kifua kikuu, za saratani. Tarehe 25 mwezi huo ndege za abiria kutoka nje zikasimama. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili jiji likafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na hali hiyo ikadumu hadi Julai. Mshiriki aliyekuwa amekwenda mashambani kuwaona wazazi alibaki huko huko, na vidonge vyake vikihesabika.

Walioshikilia tafiti hizo zisianguke hawakuonekana kwenye runinga. Walikuwa waratibu, wafamasia wa utafiti, makarani wa takwimu, madereva, wahudumu wa maabara na walinzi wa getini. Mwongozo huu ni wao, na hasa ni wako wewe uliyeajiriwa juzi kama mratibu. Msimamo wangu nautaja mapema kwa sababu kila hatua hapa imejengwa juu yake: usalama wa mshiriki ni wa kwanza, ukweli wa rekodi ni wa pili, na ratiba ya mfadhili inafuata baada ya hayo mawili.

1. Siku ya kwanza: gawa washiriki makundi matatu

Kabla hujaandika barua yoyote, toa orodha ya washiriki wote wanaoendelea kufuatiliwa. Kundi la kwanza ni wale ambao dawa yao haiwezi kukatika, kama anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi au za TB. Kundi la pili ni wanaohitaji vipimo vya usalama, mathalani damu ya kuangalia ini au figo. Kundi la tatu ni wale ambao ziara yao ijayo ni ya kujibu maswali tu.

Kundi la tatu lihamishie kwenye simu leo hii. La pili litafutie kituo cha afya kilicho karibu na kwao, au gari la utafiti liwaendee. La kwanza halina mjadala: dawa iwafikie kabla waliyo nayo haijaisha, na ikiwa daktari na mfamasia wameridhika kwamba ni salama, wapewe ya kuwatosha miezi miwili au mitatu. Uandikishaji wa watu wapya usimamishe, isipokuwa utafiti unahusu ugonjwa wenyewe wa janga au unampa mgonjwa tiba asiyoweza kuipata kwingine.

Swali linalowakosesha usingizi waratibu wengi ni hili: nabadilishaje utaratibu wakati kamati ya maadili, ile inayolinda haki na usalama wa washiriki, haijajibu? Kanuni za kimataifa za utafiti bora wa kitabibu, zile tunazoziita GCP, zinamruhusu mtafiti kuchukua hatua mara moja kumwondolea mshiriki hatari iliyo mbele yake, kisha aieleze kamati, mfadhili na mdhibiti wa dawa bila kukawia alichofanya na sababu yake. Ruhusa hiyo inahusu hatari tu. Kipimo kilichorukwa kwa sababu wafanyakazi wamepungua ni ukengeukaji wa itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, na kiandikwe hivyo.

Namna ya kuandika ina uzito. Ukijaza "sababu: Korona" mara mia moja, hujamwambia kitu mtu atakayesoma baada ya miaka mitatu. Andika: "Mshiriki yuko Murang'a, hawezi kuvuka kizuizi cha daraja la mto Chania. Amepigiwa simu tarehe hii, anasema hana dalili mpya, ana vidonge 12." Hapo mchambuzi wa takwimu atajua nini kilikosekana, kwa nini, na mshiriki alikuwa katika hali gani.

2. Vibali: weka kabrasha tayari kabla ya dhoruba

Jaribio jipya la dawa au chanjo Kenya linahitaji idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI (tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kama ile ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, au ile ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi. Linahitaji pia kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo mdhibiti wa dawa, na leseni ya NACOSTI yenyewe. Kuna pia ruhusa ya hospitali na kaunti, mkataba wa sampuli zikisafirishwa nje, na usajili kwenye daftari la umma la majaribio kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Janga halifuti ngazi hata moja kati ya hizo. Linachoweza kuleta ni wajumbe wa kamati kukutana haraka zaidi, na haraka yao haitakusaidia ikiwa faili lako lina mapengo.

Mara nyingi kinachochelewesha si sayansi. Ni viambatisho: cheti cha GCP kilichopita muda, bima ya washiriki iliyotaja jina la zamani la utafiti, fomu ya ridhaa (ya kukubali kushiriki) ya Kiswahili yenye namba ya toleo isiyolingana na ya Kiingereza. Weka kabrasha moja la wasifu, vyeti na leseni za kila mfanyakazi, na ulikague kila mwanzo wa mwezi hata kama hakuna utafiti mpya unaokuja.

3. Watu wako

Gawa wafanyakazi timu mbili zisizokutana kabisa, wala mezani kwa chai. Mmoja akiugua, timu moja inaingia karantini na nyingine inaendelea. Kila kazi iwe na watu wawili wanaoijua: mmoja kila timu awe na nywila ya friza, mmoja kila timu ajue kufungasha sampuli. Orodha ya nani ameruhusiwa kufanya kazi gani, iliyosainiwa na mtafiti mkuu, ibadilishwe siku ile ile mtu anapopewa kazi mpya.

Barua za kupita kizuizini wakati wa kafyu ziwe na jina, namba ya kitambulisho na saa za kazi, na dereva awe nayo yake mwenyewe. Dereva na mlinzi wa getini wapewe mafunzo ya usiri kama wauguzi. Mlinzi ndiye mtu wa kwanza mshiriki anayekutana naye, akiwa na kipima joto mkononi na foleni ikisikiliza. Akimuuliza kwa sauti "Wewe ni wa utafiti wa nini?", kazi yote ya fomu ya ridhaa, iliyomwahidi usiri, imeharibika pale pale. Mfundishe aulize tu "Una miadi na nani?"

4. Kumfikia mshiriki: nauli, simu na geti la ploti

Mwaka 2020 matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na nauli zikapanda. Fidia ya nauli iliyoidhinishwa kabla ya janga haikumtosha tena mtu wa Kayole kufika Upper Hill na kurudi. Mtu akilipa pengo hilo kutoka mfukoni mwake, utafiti unamnyonya. Omba kamati iongeze kiwango mara tu nauli zinapobadilika, na katika ombi lako andika nauli halisi za njia tatu au nne, asubuhi na jioni.

Kutuma pesa kwa simu kunaepusha kushikana mikono, lakini kuna mitego yake. Laini ya mshiriki inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mume au kaka. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha aliyetuma, na kama jina la shirika linataja ugonjwa, kila atakayeshika simu hiyo atajua. Muulize mshiriki mapema, tena faraghani: "Hii simu nani mwingine huishika? Nikituma pesa, ungependa itumwe kwa namba ipi?" Jibu lake liandike kwenye faili.

Usiridhike na namba moja. Chukua namba ya mtu wa pili anayemwamini, jina la kijiji cha nyumbani na kituo cha afya kilicho karibu na huko. Jiji lilipofungwa, tafiti zilizojua ushago wa washiriki wao ziliweza kuwapangia dawa katika hospitali za kule. Nyingine zilibaki zikipiga simu zilizozimwa.

Ukienda nyumbani kwa mshiriki, gari lenye nembo liegeshwe mbali. Mfanyakazi asivae vazi la kujikinga barabarani, avae baada ya kuingia ndani. Katika miezi ile ya mwanzo, mtu mmoja aliyevaa suti nyeupe kwenye geti la ploti alitosha kuwafanya majirani wamtenge mama wa nyumba hiyo.

Kafyu nayo ina athari zake za kisayansi. Utafiti unaohitaji damu saa 12 baada ya kumeza dawa hauwezekani kwa ratiba ya kawaida ikiwa mshiriki lazima awe nyumbani saa moja jioni. Ama mlaze kliniki kwa idhini ya kamati, ama umpe dozi alfajiri, ama uache kipimo hicho na ukiri kwenye rekodi kwamba hakikuchukuliwa.

5. Ridhaa ndani ya wodi ya kutengwa

Karatasi iliyoingia wodi ya wagonjwa wa kuambukiza si rahisi kuitoa. Njia inayofanya kazi ni hii. Daktari aliyevaa kinga anaingia na fomu mbili. Anamsomea mgonjwa polepole, anampa nafasi ya kuuliza, na anamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe anachokubali. Mgonjwa anasaini, au anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa utafiti. Fomu inawekwa dhidi ya kioo cha dirisha na mwenzake aliye nje anapiga picha ya kila ukurasa kwa kifaa cha utafiti, kamwe si kwa simu yake binafsi. Nakala moja inabaki kwa mgonjwa. Ile nyingine inafungwa kwenye mfuko wa plastiki, unapanguswa kwa dawa ya kuua vijidudu na kuwekwa kando kwa muda uliopangwa na kamati ya hospitali ya kuzuia maambukizi.

Mgonjwa anayepumua kwa oksijeni hawezi kusikiliza kurasa kumi na tano. Ombeni fomu fupi iliyoidhinishwa, na ndugu ahusishwe kwa simu yenye kipaza sauti. Na mtu akisema "Daktari, nifanyie chochote tu", hiyo si ridhaa. Ni hofu inayosema. Rudi baada ya saa moja.

6. Dawa na sampuli: baridi haisubiri

Hesabu vifaa kwa wiki, usivihesabu kwa maboksi. Tuseme una washiriki 40, kila mmoja anakuja mara 2 kwa mwezi, na kila ziara inatumia chupa 3 za damu. Hizo ni chupa 240 kwa mwezi. Ongeza moja ya kumi kwa zinazoharibika, upate 264. Mzigo ukichukua miezi 3 kufika, unapaswa kuagiza ukiwa bado na 792 rafuni. Kisha geuza boksi uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu vifaa vingi vya utafiti hutoka nje, na ndege za abiria zinaposimama nafasi ya mizigo hupungua pia.

Chanjo na dawa nyingi za kuhifadhi jokofuni hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Baadhi huharibiwa na kuganda kuliko zinavyoharibiwa na joto, kwa hiyo usitoe pakiti za barafu kwenye friza na kuzipanga moja kwa moja ndani ya kasha la kubebea. Ziache mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Hapo ndipo zinafaa. Kifaa cha kurekodi joto kikae katikati ya dawa, kisigusane na barafu.

Sampuli za friza la nyuzi 80 chini ya sifuri zina hatari nyingine: stima. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini kubwa ya Kiambere hadi Embakasi iliporomoka na nchi nzima ikakosa umeme. Mpango wako wa siku kama hiyo uandikwe na ubandikwe kwenye mlango wa friza: usifungue mlango, andika saa na joto linaloonyeshwa, hakikisha jenereta imewaka na dizeli ipo, mpigie mtu wa zamu. Joto likifika kiwango mlichokubaliana, hamishia sampuli kwenye friza la akiba ambalo mkataba wake umesainiwa zamani. Jenereta ijaribiwe kila wiki ikiwa na mzigo wa friza zote. Kuiwasha bila mzigo hakukuambii lolote.

Barafu kavu ya kusafirishia sampuli ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri, nayo hugeuka kuwa gesi ya kaboni dioksidi. Isifungiwe kwenye kasha lisilopitisha hewa, kwa kuwa litapasuka. Dereva anayeibeba afungue madirisha hata kama mvua inanyesha. Anayefungasha sampuli za kwenda ng'ambo awe na cheti kinachokubalika cha usafirishaji wa mizigo hatari kwa ndege. Cheti hicho hudumu miaka miwili, na huwa kinaisha wakati hakuna darasa linaloendelea.

7. Rekodi: acha pengo likae pengo

Hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi, kwa sababu hapa ndipo utafiti mzuri huharibika bila mtu kuugua wala friza kuzima.

Ziara ikihamia kwenye simu, fomu bado ina kisanduku cha joto, uzito na shinikizo la damu. Karani mchovu atashawishika kujaza 36.5 ili ukurasa usionekane mtupu. Mtu uliyempigia simu hana joto ulilopima. Andika "haikupimwa, ziara ya simu". Mkaguzi mzoefu akiona washiriki kumi mfululizo wana joto moja na shinikizo moja, ataacha kuamini hata zile kurasa za kweli. Na dozi itakayopangiwa wagonjwa kesho itakuwa imetokana na namba ya kubuni.

Ukichelewa kuandika, andika kwa tarehe ya leo na useme tukio lilikuwa lini. Usirudishe kalenda nyuma. Ukikosea, kata mstari mmoja, weka herufi za kwanza za majina yako na tarehe, na neno la zamani lisomeke.

Ni vizuri pia kupigania fomu fupi. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililopima tiba za Korona, lilikusanya taarifa chache tu kwa kila mgonjwa, na hilo liliwawezesha wauguzi wa wodi zilizojaa kushiriki. Mwezi Juni 2020 likaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja hivi miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni. Mfadhili akileta fomu ya kurasa arobaini, muulize kila swali litajibu nini.

Mkaguzi asipoweza kusafiri, ataomba kuona faili kwa mbali. Mpe kupitia mfumo uliofungwa na ulioidhinishwa, majina na namba za vitambulisho vikiwa vimefutwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Picha ya faili la mgonjwa kwenye WhatsApp ni ukiukaji, hata kama kikundi kina watu watatu tu.

8. Madhara makubwa

Tukio kubwa, yaani kifo, kulazwa hospitalini, hatari ya maisha au ulemavu, mfadhili alijue ndani ya saa 24 tangu mjue ninyi. Likiwa halikutarajiwa na linashukiwa kutokana na dawa, taarifa ya kifo au hatari ya maisha humfikia mdhibiti ndani ya siku 7, na mengine ndani ya siku 15. Kamati ya maadili ina muda wake, nao umeandikwa kwenye barua ya idhini. Wakati wa janga mshiriki hulazwa hospitali nyingine na hamsikii. Mpe kadi ndogo yenye namba yake ya utafiti na simu ya zamu, aikunje pamoja na kitambulisho.

9. Uvumi

Tarehe 1 Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja walizungumza kwenye runinga ya Ufaransa kuhusu kujaribu chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, barani Afrika dhidi ya Korona. Video ikasambaa, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akalaani kauli hizo hadharani. Hasira ya watu ilikuwa ya haki. Mratibu anayeiita ujinga hataingia mtaa wowote.

Bodi ya ushauri ya jamii iitwe kabla ya mshiriki wa kwanza. Wawepo wazee wa mtaa, viongozi wa dini, wahudumu wa afya ya jamii, vijana wa boda na mama mboga. Waambieni nani analipa, nani anafaidika, na Wazungu nao wanajaribiwa wapi. Damu ionyesheni kwa kipimo cha nyumbani: mililita 10 ni vijiko viwili vya chai. Chukueni kijiko na maji, mmimine mbele yao. Wakiuliza sampuli zinakwenda wapi, mtaje mji na maabara.

10. Simu ya siku ya 28

Tafiti nyingi za Korona zilihesabu nani yuko hai siku ya 28. Jibu hilo hupatikana kwa simu, na mara nyingine anayepokea ni mjane. Usipige ukiwa na foleni mlangoni. Jitambulishe kwa jina na hospitali, usitaje utafiti. "Shikamoo mama. Ninapiga kutoka hospitalini, naomba kumsalimia mzee." Akisema mzee alituacha, weka kalamu chini. Mpe pole, na umsikilize. Tarehe ya kifo utaiuliza baadaye, kwa upole, na akishindwa kuitaja siku hiyo omba ruhusa ya kupiga tena. Aliyepiga simu kama hizo asubuhi nzima asipangiwe nyingine mchana, na apate mtu wa kuzungumza naye.

11. Kufunga

Hesabu kila kidonge: kilichopokelewa, kilichotolewa, kilichorudi, kilichoharibiwa mbele ya mashahidi. Jibu maswali yote ya takwimu kabla mikataba ya makarani haijaisha, kwa maana wakiondoka hakuna atakayejua mwandiko ule ni wa nani.

Kisha washiriki waambiwe matokeo kabla hawajayasikia redioni. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, upitishwe na kamati: tuliuliza nini, tumepata nini, wewe ulikuwa kundi gani, na kama dawa ilifaa utaipata wapi. Ambao hawasomi wapigiwe simu. Familia za waliofariki ziulizwe kwanza kama zinataka kujua, na zikisema ndiyo, mtafiti mkuu mwenyewe ndiye apige.